Mchungaji Gani Huyu?

Kuna mwezi mdogo wa sayari ya Zohali ambao sisi tunaoandika sayansi kwa Kiswahili tumeuvika joho lisilo lake. Jina la mwezi huo ni Prometheus. Kila unapotajwa katika makala zilizotafsiriwa mbiombio kutoka Kiingereza, huitwa "mwezi mchungaji", na msomaji huambiwa kwamba kazi yake ni kuichunga pete moja nyembamba ya Zohali isitawanyike. Maelezo huishia hapo. Msomaji hupata picha ya mzee mwenye fimbo na kondoo zake, huitikia kwa kichwa, akaendelea na mambo mengine.

Mimi nasema joho hilo livuliwe. Prometheus hauchungi pete kwa maana yoyote ambayo mtu wa Longido au Meatu angeitambua. Wanasayansi wanaoichunguza pete hiyo wamelitilia shaka wazo hilo kwa miaka mingi. Sisi tunaoendelea kulirudia tunawauzia wasomaji wetu hadithi tamu badala ya ukweli ambao, kwa bahati nzuri, ni mtamu zaidi.

Tuanze na mshitakiwa mwenyewe. Prometheus ni pande la barafu lenye umbo la kiazi kitamu. Urefu wake ni karibu kilomita 136, upana 79 na kimo 59. Uvutano wake ni mdogo mno kuweza kuufinyanga uwe tufe kama Mwezi wetu, na ndani yake umejaa mapengo: kwa wastani, kila lita moja ya mwezi huo ina takriban nusu kilo tu ya mata. Kama kungekuwa na bahari ya kuutosha, ungeelea. Huizunguka Zohali kwa umbali wa kilomita 139,400 hivi kutoka kitovu cha sayari, na kwa kasi kubwa: ukianza mzunguko adhuhuri, kabla ya saa tisa za usiku umeshaumaliza.

Nje ya njia yake, kilomita 800 hivi, imelala pete nyembamba iitwayo F. Chombo cha anga cha Pioneer 11 ndicho kilichoigundua, Septemba 1979. Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 1980, picha za Voyager 1 zikaonesha miezi miwili midogo ikiwa imeiweka pete hiyo kati: wa ndani ndio ulioitwa baadaye Prometheus, wa nje ukaitwa Pandora. Mwezi uliofuata Voyager 1 ilipita karibu na Zohali na kupiga picha ambazo ziliwaacha watu vinywa wazi. Pete F haikuwa mstari uliotulia. Ilikuwa na nyuzi zilizopindana kama msuko wa nywele, huku ina mafundo na mikunjo.

Hapa lazima nieleze wazo la uchungaji lilitoka wapi, maana sitaki kuligombeza kabla sijalitendea haki. Halikuzaliwa Zohali. Lilizaliwa kwa ajili ya Uranus. Mwaka 1977 wanaastronomia waliokuwa ndani ya ndege iliyobeba darubini walikuwa wanaitazama Uranus ikipita mbele ya nyota. Walitarajia nyota ifichwe mara moja tu, wakati sayari inaikinga. Lakini nyota ilififia mara kadhaa kabla sayari haijafika, na ikafifia tena vivyo hivyo baada ya sayari kupita. Uranus ilikuwa na pete, na pete zenyewe zilikuwa nyembamba ajabu.

Wembamba huo ulikuwa fumbo. Pete ya sayari ni vipande visivyohesabika, vingine vidogo kama vumbi, vingine vikubwa kama nyumba, na vipande hivyo havikomi kugongana. Katika kugongana huko, vya ndani hupoteza mwendo na kuzama kuelekea sayari, vya nje huongezewa mwendo na kusogea mbali. Mwaga uji kwenye sinia uone kama utabaki mstari. Pete nyembamba ilipaswa iwe imeshatanda na kupotea zamani.

Mwaka 1979 Peter Goldreich na Scott Tremaine walitoa jibu. Walisema pete kama hizo huenda zimebanwa na miezi midogo pande zote mbili. Mwezi wa ndani huenda kasi kuliko pete. Kila unapovipita vipande vya pete, huvigawia kidogo nguvu ya mwendo wake, navyo husogea nje. Mwezi wa nje huenda polepole kuliko pete; vipande vinapoupita, hunyang'anywa kidogo mwendo wao, navyo hurudi ndani. Hivyo uvutano, ambao sote tulifundishwa kwamba huvuta, hapa matokeo yake ni kusukuma. Hili ni wazo la watu wenye akili kali, na Januari 1986 Voyager 2 ilipofika Uranus ilikuta miezi miwili, Cordelia na Ophelia, imeiweka kati pete ya Epsiloni kama nadharia ilivyotabiri. Kwa hao wawili, anayetaka kusema "wachungaji" aseme, sitagombana naye. Ila naye akumbuke kwamba Uranus ina pete 13 zinazojulikana, na Voyager 2 haikuzikuta nyingine na jozi kama hiyo.

Tatizo ni kwamba kati ya 1979 na 1986 nadharia hiyo ilikuwa inatafuta pa kukaa. Mwaka 1980 ikaiona pete nyembamba ya Zohali yenye mwezi ndani na mwezi nje, na papo hapo ikahamia. Nani angengoja? Ushahidi ulionekana umejileta wenyewe. Hata hivyo, kasoro ilikuwa wazi tangu mwanzo kwa mwenye kupiga hesabu. Ili pete itulie kati ya wachungaji wawili, misukumo yao lazima ilingane. Prometheus ni mzito kuliko Pandora, tena uko karibu zaidi na pete: kilomita 800 hivi, wakati Pandora uko mbali kwa takriban kilomita 1,500. Kwa mizani hiyo pete ingekuwa inasukumwa nje bila kukoma. Mchungaji mmoja ana fimbo ndefu, mwingine ana kijiti, na bado tunaambiwa kundi limesimama katikati.

Kisha wachungaji wenyewe wakaanza kupotea. Mwaka 1995, wakati ambapo pete za Zohali zilikuwa zimetugeuzia ubavu na miezi midogo ikawa rahisi kuonekana, darubini ya anga ya Hubble ilimtafuta Prometheus mahali hesabu za Voyager zilipomwelekeza. Hakuwepo. Alikuwa amechelewa kwa takriban digrii 20 za mzunguko wake, umbali wa zaidi ya kilomita 48,000. Baadaye Pandora naye alionekana hafuati ratiba: yeye alikuwa ametangulia. Watu wakabuni visababishi vya kila aina, pamoja na uwezekano kwamba Prometheus uligongana na kitu.

Jibu lilikuja mwaka 2003, na ninaomba msomaji alitazame jina la mmoja wa waliolitoa: Peter Goldreich, yule yule wa 1979, akishirikiana na Nicole Rappaport. Walionesha kwamba miezi hiyo miwili huvurugana yenyewe kwa yenyewe. Kila baada ya siku 25 hivi, Prometheus humpita Pandora, na kila wanapopishana huvutana kidogo. Mivuto hiyo hujilimbikiza kwa namna ambayo tofauti ndogo sana ya leo huwa tofauti kubwa baada ya miaka michache. Huwezi kusema kwa uhakika watakuwa wapi miaka mingi ijayo, hata ukiwa na kompyuta kubwa kiasi gani. Mtu aliyechangia kuleta wazo la miezi inayobana pete ndiye aliyechangia kuonesha kwamba jozi hii haiwezi hata kujipangia safari yake. Yeye hakulishikilia wazo lake kama urithi wa babu. Sisi tuliolipokea kwa mkopo ndio tumeling'ang'ania.

Halafu ikaja Cassini. Chombo hicho kiliingia katika obiti ya Zohali tarehe 1 Julai 2004 na kikakaa huko hadi Septemba 15, 2017, kilipozamishwa ndani ya angahewa ya sayari. Katika miaka hiyo 13 kiliupiga Prometheus picha nyingi ukiwa kazini, na kazi yenyewe ikaonekana ni hii. Njia ya Prometheus si duara kamili. Katika kila mzunguko, unapofika sehemu iliyo mbali zaidi na Zohali, hukaribia ukingo wa pete F na kuvuta kutoka humo utepe wa vumbi la barafu. Kisha hurudi nyuma, ukaacha mfereji mweusi pale ulipovuta. Vipande vya pete vinakwenda polepole kidogo, kwa hiyo mzunguko unaofuata mwezi hukuta sehemu nyingine ambayo haijaguswa, ikaachwa na mfereji wake. Picha zinaonesha mifereji imepangana, mmoja kila baada ya digrii tatu na ushee, kama matuta ya shamba la viazi.

Mimi nauliza swali la mtu wa kawaida: mchungaji gani huyu, ambaye kila anapolikaribia kundi anaondoka na kitu? Kwetu mtu wa namna hiyo ana jina, na si mchungaji. Hapo ni sawa na kumkabidhi fisi bucha, kisha tukamwandikia na barua ya shukrani.

Na uharibifu hauishii kwenye mifereji. Mikunjo inayosababishwa na Prometheus husaidia vumbi kujikusanya mabonge ndani ya pete. Mwaka 2012 watafiti waliopekua picha za Cassini zipatazo 20,000 walikuta mifano 500 hivi ya vitu vidogo, vya ukubwa wa kilomita moja hivi, vikipenya katikati ya pete F na kutoka upande wa pili vimeburuta mkia unaong'aa. Mwendo wa migongano hiyo ni takriban mita mbili kwa sekunde, mwendo wa mtu anayewahi basi kwa miguu. Pete hii ni mtaa wenye vurugu ya kudumu. Ipo leo, lakini kila siku haifanani na ilivyokuwa jana.

Basi kwa nini ipo? Hilo ndilo swali ambalo neno "mchungaji" limelifunika kama kawa. Mwaka 2014 Jeffrey Cuzzi na wenzake walipendekeza jibu ambalo halimhitaji mchungaji hata mmoja. Prometheus ikipita, huvipiga vipande vya pete teke la uvutano. Baada ya miezi miwili na kitu huvipita tena na kuvipiga teke jingine. Katika sehemu nyingi mateke hujumlishana hadi kipande kinatupwa mbali. Lakini zipo njia chache nyembamba ambapo, kwa jinsi umbali ulivyokaa, teke la mara hii hufutwa na teke la mara ijayo. Kilichoangukia humo hutulia. Kiini cha pete F, walisema, ni vile vipande vilivyojikuta katika njia hizo tulivu. Hakuna aliyevikusanya. Kila kilichokuwa mahali pengine kimeshaondolewa, na tunachokiita pete ni masalia.

Sasa niingie kwenye lugha, kwa sababu kosa letu ni la lugha kabla halijawa la fizikia. Katika Kiingereza cha leo, neno la mchunga kondoo limekauka. Msomaji wa London au Chicago anaweza kuishi miaka 80 bila kukutana na mtu anayeishi kwa kazi hiyo. Kwake ni pambo la Krismasi. Kwetu neno liko hai. Mchungaji anapita barabarani asubuhi, ana fimbo, ana mbwa, anajua ng'ombe wake mmoja mmoja kwa rangi na pembe, na jioni anahesabu. Akipungukiwa na mmoja, halali. Tena Kiswahili kimelipandisha neno hilo madhabahuni: Mchungaji ni yule anayebariki ndoa na kuzika, na waumini wanamtarajia awe na huruma na uangalifu. Neno likija na mizigo miwili mizito hivyo, ya zizi na ya kanisa, huwezi kulitupia pande la barafu ukadhani litabaki istilahi tu. Msomaji atapokea mzigo wote. Ataamini kwamba huko juu kuna anayejali.

Cha kuchekesha ni kwamba Kiswahili kilikuwa na jibu sahihi ndani ya kitenzi kile kile. Kamusi zetu zina *kuchunga* mbili. Moja ni ya mbuzi. Nyingine ni ya unga. Bibi yangu alichunga unga wa muhogo kwa chekeche kila siku aliyopika, na hakuna siku niliyomwona akichagua chembe. Alitikisa tu. Mtikisiko ule ule uliotupa huku ndio uliobakiza kule, na mwisho wa kazi ulikuwa na fungu mbili zilizopangika bila mtu kuzipanga. Hicho ndicho Prometheus anachofanya kwa mujibu wa maelezo ya Cuzzi na wenzake: anatikisa, na kinachobaki ni kile kilichokuwa mahali ambapo mtikisiko hauna madhara. Anachunga kweli, ila unga. Mtafsiri angetulia dakika tano na kamusi ya lugha yake mwenyewe angeliona hilo. Alikuwa na haraka, akachukua fimbo akaacha chekeche.

Ugonjwa huu haukuanzia kwa Prometheus. Machi 2017 Cassini ilipopiga picha za karibu za Pan, mwezi mwingine mdogo unaokaa katika mwanya ndani ya pete A, ilionekana una ukingo mwembamba uliotokeza kuuzunguka katikati kama mkanda. Waandishi wa Magharibi wakaufananisha na ravioli, na hawakukosea. Ni chakula chao. Nilisoma makala ya Kiswahili iliyomwambia msomaji kwamba mwezi huo "unafanana na ravioli", nukta, kana kwamba kila mtu Tabora na Tanga anakula ravioli Ijumaa. Kitumbua kina umbo lile lile, mwili uliotuna na ukingo mwembamba pembeni, na kila mtu anakijua. Mwandishi alikuwa pengine amekila asubuhi hiyo. Lakini ukishazoea kudhani kwamba sayansi huja imefungwa, kazi yako ni kuifikisha tu, hutafungua kifurushi hata ukiona kimeandikwa anwani ya mtu mwingine.

Rafiki yangu anayefundisha fizikia sekondari aliponisikia nikilalama hivi alinijibu kwa ukali wa haki yake. "Ndugu yangu, kila jina ni sitiari. 'Pete' yenyewe si pete, hakuna aliyeivaa. Ukianza kufuta maneno utabaki na namba tupu. Mwanafunzi anahitaji mahali pa kushika." Hoja hii ina uzito na siipuuzi. Ni kweli kwamba pete za Zohali hazikuvaliwa na mtu, na hakuna anayepotoshwa kwa hilo. Tofauti ni hii: "pete" inaeleza umbo, na umbo unaliona. "Mchungaji" inaeleza sababu, na sababu huioni, unaamini. Sitiari ya umbo ikikosea, picha moja inaisahihisha. Sitiari ya sababu ikikosea, inakaa kichwani na kujibu maswali ambayo hayajaulizwa. Mwambie mwanafunzi kwamba mwezi unachunga pete, na hatauliza kwa nini pete ina mifereji, kwa nini ina mabonge, kwa nini Hubble iliukosa mwezi mahali pake. Ameshapewa mahali pa kushika, na hapo alipo panamzuia asitembee.

Wapo pia watakaosema mada yote hii ni anasa. Zohali inatuhusu nini, wakati mabomba yamekauka? Hao nitawajibu kwa ufupi. Lugha inayokatazwa kuzungumzia mambo ya mbali haipewi umahiri wa mambo ya karibu kama zawadi. Mwandishi aliyezoea kupitisha sitiari ya Zohali bila kuikagua atapitisha vivyo hivyo sitiari ya uchumi, ya afya na ya siasa. Huyo huyo ndiye atakayetuandikia kesho kwamba soko "linajirekebisha" na kwamba mradi "umewainua" wananchi, na hatauliza nani alishika nini.

Kwa hakika hapo ndipo moyo wa ugomvi wangu ulipo. Hadithi ya mchungaji ni hadithi ya utulivu unaotoka kwa mmoja aliye juu. Ikiwa mambo yamekaa sawa, basi yuko mtu anayeyaweka sawa, na ukimwona karibu na kundi, ujue analinda. Tumeipenda hadithi hiyo ardhini kiasi kwamba tumeipeleka hadi angani. Lakini anga lenyewe linaikataa. Chukua pete A, ile pana iliyo ndani zaidi ya pete F. Voyager ilipouona mwezi Atlas ukizunguka karibu na ukingo wake wa nje, nao ulipewa uchungaji mara moja. Baadaye ikajulikana kwamba ukingo ule unashikwa na mwendo wa Janus na mwenzake Epimetheus, walioko mbali zaidi. Na mwaka 2017 Radwan Tajeddine na wenzake, kwa kutumia takwimu za Cassini, walieleza kwamba hata hao hawatoshi: pete A inazuiwa isitanuke na miezi saba kwa pamoja, kila mmoja akiipunguza nguvu kidogo mahali pake. Katika orodha ya hao saba Prometheus yumo. Kwa hiyo pale tulipompa sifa ya peke yake, anavuta nyuzi na kuondoka nazo. Na pale anaposaidia kweli, ni kibarua mmoja kati ya saba, na hakuna aliyemwimbia.

Jina lake nalo lilitutahadharisha. Alipogunduliwa aliitwa S/1980 S 27 tu. Mwaka 1985 akapewa jina la Prometheus. Katika visa vya Wayunani wa kale, Prometheus ni yule aliyeiba moto wa miungu akawapa wanadamu, akaadhibiwa vikali kwa wizi huo. Wanaastronomia waliupa jina la mwizi mwezi ambao, miaka 20 baadaye, ulipigwa picha ukiondoka na mali ya pete. Sisi tukalisoma jina, tukalipita, tukaandika chini yake: mchungaji.

Kiswahili hakina tena kisingizio cha uchanga. Istilahi za sayansi zinatungwa sasa hivi, na wanaozitunga ni watu wa umri wenu, mnaotafsiri kwa malipo kiduchu usiku, mnaohariri ensaiklopidia za mtandaoni bila malipo kabisa, mnaoandaa video za dakika tatu kwa simu. Neno mtakaloliweka leo litakuwa kwenye kitabu cha darasa la tano baada ya miaka 15, na mtoto atakariri. Nawapendekezeeni hili: miezi ya aina hii tuiite kwanza *miezi jirani ya pete*, jina lisiloahidi chochote ila mahali inapokaa. Prometheus, kwa tunayoyajua leo, tumwite *mwezi chekeche*. Cordelia na Ophelia wabaki na fimbo zao mpaka mtu aje na ushahidi wa kuwanyang'anya. Na ikitokea chombo kingine kikaenda Zohali kikaona kwamba hata chekeche si neno lenyewe, tulifute, kama Goldreich alivyokubali kulipitia upya wazo lake, bila kuona haya na bila kulia.

Wakati huohuo, ukikutana na makala inayokuambia kwamba mwezi fulani, au mtu fulani, anachunga kitu, usikimbilie kumshukuru. Subiri jioni, uende zizini, uhesabu.